Arubaini Wanaokaa Gasenyi

Jumatatu, 12 Januari

Wiki imeanza vizuri. Nimepata cheo. Bado hawajanipa, lakini nimekipata.

Jana kamati ya msikiti wetu wa Gasenyi ilikaa. Ijumaa hii Sheikh Mazin anakuja kutoka mjini kuamua kama tunaweza kuswali Ijumaa hapahapa. Mpaka leo tunaswali hapa swala tano tu za kila siku. Ijumaa kila mtu anapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka mjini, na matope haya ya Januari! Mzee Idi, aliyefyatua nusu ya matofali ya msikiti huu kwa mikono yake, ana miezi saba hajaswali Ijumaa. Miguu imekataa, na moto anaiogopa. Siku hiyo anakaa mlangoni kwake amevaa kanzu safi, anawatazama wenzake wakienda. Roho inaniuma.

Sharti ni moja: wanaume arubaini, watu wazima, wakaaji. Siyo wapita njia. Wanaokaa hapa na wenye nia ya kuendelea kukaa. Atakayeleta orodha iliyotimia ndiye katibu wa msikiti. Tajudini, fundi wa mabati, alinyoosha mkono. Mimi nilisimama kabisa. Orodha nimepewa mimi.

Jumanne, 13 Januari

Nimezunguka karitie nzima, mtaa wote, tangu asubuhi. Nimepata thelathini na sita, mimi nikiwamo. Watu wamekwenda wapi? Huyu yuko Dubai. Yule yuko Kampala. Watoto wawili wa mama Hayat wamevukia Tanzania, wa tatu eti yuko Malawi anauza simu. Nyumba moja nilikuta wanaume wote wamehama, amebaki jogoo.

Nilikasirika. Nilimwambia mama Hayat kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kwao, mtu akipata nauli tu huyoo. Akasema ni kweli. Akaniuliza naenda wapi nimevaa vizuri hivyo. Nikasema mjini, nina shughuli.

Shughuli yenyewe ni viza yangu ya Oman. Ile ofisi inayopeleka watu inayo pasipoti yangu tangu Oktoba. Dosye, yaani faili langu, inasema mimi ni fundi wa viyoyozi. Kusema kweli mimi natengeneza friji, lakini baridi ni baridi. Wamesema nirudi wiki ijayo.

Jumatano, 14 Januari

Akili imefanya kazi! Shefu wa karitie amepita asubuhi na rejista yake. Analalamika kwamba tangu Desemba vichwa vimeongezeka, watu waliokimbia vita Uvira, ng'ambo ya mpaka, na huko juu wanamtaka hesabu kila wiki. Yeye anaona mzigo. Mimi nikaona safu ya nyuma ya msikiti.

Kwa Nsimire, mama anayekaa mwisho wa karitie yetu, pale karibu na mashamba ya mpunga ya Buterere, kumefikia wanaume tisa. Kaka zake, mashemeji, wote Waislamu, wote watu wazima. Nimekwenda na kilo mbili za sukari. Mkubwa wao anaitwa Ilias, seremala, mtu wa maneno machache. Akauliza wanatakiwa kufanya nini. Nikasema kidogo tu, kusema wanakaa hapa. Akasema kulala wanalala hapa kweli, lakini habari ya nia, kila mtu ana yake. Nikamwekea sukari mkononi kabla hajamaliza.

Thelathini na sita na tisa: arubaini na watano. Nina hata wa akiba.

Alhamisi, 15 Januari

Tajudini amesikia. Amekuja mpaka kwenye kibanda changu, akaniambia mbele ya wateja kwamba hao ni wageni, wamemaliza maji ya bomba letu, na sasa nataka kuwajaza msikitini. Nikamuuliza marehemu mama yake alitoka wapi. Gasenyi yote inajua ni Uvira. Akasema mama yake alikuja kwa ndoa, na sanduku lake. Nikasema na hawa wamekuja na masanduku. Kwa kweli wamekuja na mikono mitupu, lakini sikutaka kushindwa.

Mwanvua, mke wangu, alikuwa ananipigia pasi shati la kesho. Akaniuliza viza ikitoka Jumatatu, ukatibu utaufanyaje. Nikamwambia mambo yafuatwe moja baada ya jingine. Akauliza moja ni lipi. Huyu mwanamke anapenda kuchimba! Nikatoka kwenda kufanya mazoezi ya kusoma majina kwa sauti nzito.

Ijumaa, 16 Januari



Saa tano tu msikiti ulishajaa. Mzee Idi aliletwa na wajukuu, akakalishwa safu ya kwanza, ananukia udi. Sheikh Mazin akaisoma orodha yangu, akausifu mwandiko. Nikamtazama Tajudini kwa muda mrefu. Kisha Sheikh akasema majina hayatoshi, atamuuliza kila mtu nia yake. Ndani ya msikiti! Hilo sikulitegemea.

Watu wetu walijibu vizuri. Ikafika zamu ya watu wa Uvira. Wa kwanza akashukuru, akasema wamepokewa vizuri, lakini njia ikifunguka hata kesho anavuka kurudi kwake. Nikamkonyeza. Wapi! Wa pili hivyohivyo. Watano wakasema hivyo. Sheikh akawaambia ni ndugu zetu na swala wataswali nasi, ila katika arubaini hawaingii. Akawafuta mmoja mmoja kwa kalamu yangu mwenyewe.

Akasimama Ilias. Akasema nyumba yao imeungua, na baba yao wamemzika hapa Buterere mwezi uliopita. Yeye na wadogo zake watatu hawana pa kurudi. "Sisi tunabaki," akasema. Tajudini akajisogeza, akampa nafasi ya kukaa kwenye mkeka wake.

Thelathini na sita na wanne. Arubaini kamili! Mzee Idi alishaanza kufuta machozi. Mimi nilishatafuta mahali pa kusimama.

Sheikh akasema amebaki mwandishi mwenyewe. Nikacheka, nikasema mimi nimezaliwa hapa, kitovu changu kiko hapa. Tajudini akasema polepole kwamba niulizwe pasipoti yangu iko wapi.

"We Karimu," Sheikh akasema, "unakaa?"

Wallahi nilifungua mdomo niseme nakaa. Wiki nzima nimesema uongo bila taabu. Lakini Mzee Idi alikuwa amegeuka ananitazama. Neno lililotoka ni "Insha'Allah."

"Insha'Allah ya kukaa, ao ya kwenda?"

Nikainama kunyoosha mkeka. Sheikh akaandika thelathini na tisa, akasema atarudi Ijumaa ijayo kuona kama kuna aliyebadili nia. Tukaswali adhuhuri ya kawaida.

Mlangoni Mzee Idi alinishika mkono. "Mi sina haraka, mwanangu," akasema. "Ni hii miguu tu." Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nusura niende ofisini kudai pasipoti yangu. Nusura.

Jumamosi, 17 Januari

Salamu zimepungua. Muuza mkate amenipa wa jana. Mwanvua anasema dawa ni nyepesi: nikachukue pasipoti, nimwambie Sheikh nakaa, mzee aswali Ijumaa yake, basi. Nikamweleza kwamba dosye ya miezi mitatu haitupwi hivihivi. Tena kwa nini niwe mimi? Mji mzima huu, kukose mtu mmoja wa kuhamia Gasenyi!

Jumatatu, 19 Januari

Nimekwenda Nyakabiga kwa binamu yangu Népo, jina lake la zamani Népomuscène, aliyesilimu alipooa. Nimemwahidi chumba bure Gasenyi, hewa safi, majirani wema. Alikuwa karibu kukubali. Mkewe akauliza ni Gasenyi ipi, ile inayojaa maji? Akanifungulia mlango. Nilidhani anaingiza hewa, kumbe ananitoa.

Nimepitia ofisini. Viza bado. Wameniomba picha nyingine mbili, eti katika zile za kwanza ninaonekana na wasiwasi.

Alhamisi, 22 Januari

Habari kubwa! Amjad amerudi. Mtoto wa Salem, yule Mwarabu muuza misumari na saruji wa hapa karibu na barabara. Miaka miwili iliyopita Amjad alikwenda Oman, nchi ya babu wa babu yake, tukamsindikiza kwa vigelegele. Hapa tangu utoto tunamwita Mwarabu. Huko, anasema, walimwita Mrundi.

Amerudi moja kwa moja. Baba yake amekwishamwambia Tajudini. Tajudini amekwishampigia Sheikh. Mimi nimesikia kwa muuza mkate.

Ijumaa, 23 Januari

Imeswaliwa. Ijumaa ya kwanza ya Gasenyi.

Amjad alisimama, akasema anakaa na haendi tena popote, wakawa arubaini. Mimi nilikuwa wa arubaini na moja, mlangoni, karibu na viatu. Katibu ni Tajudini. Mwandiko wake ni mbaya sana. Mzee Idi alilia tangu hotuba inaanza mpaka salamu ya mwisho. Nami nililia, sikatai.

Baadaye watu walimzunguka Amjad, akasimulia. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini siku aliyofika. Walilala kumi chumba kimoja, kazi ni juu ya paa, jua la huko si jua la binadamu. Alikuwa kwenye viyoyozi, na mshahara aliuona mara tatu kwa miaka miwili. Aliomba miezi minane ndipo wakamwachia. Akaitaja na ofisi iliyompeleka. Ni ofisi yangu ileile, ngazi ileile, bwana yuleyule mwenye tai ya kijani. Mwanvua alikuwa upande wa wanawake, lakini macho yake niliyasikia mgongoni.

Nilisikiliza kila neno. Jambo hili linataka kufikiriwa kwa makini, nami nilifikiri. Watu walipotawanyika nikamvuta Amjad kando, nikamuuliza kama ile nafasi yake ya Oman imeshapata mtu.

Akasema bado.

Alhamdulillah! Kumbe Mungu hamsahau mja wake.