Mandari Nyumbani kwa Tajiri wa Vifungo

Jumatatu, 2 Juni

Klabu yetu ya wazee wa Unionville imeamua. Mandari ya Jumamosi ni kwenye jumba la kale la tajiri wa vifungo, nje ya Toronto, mwendo wa basi. Tajiri mwenyewe kafa zamani. Limebaki jumba, na bustani yenye ziwa lililochimbwa kwa majembe. Mengine sikuyasikia. Nilikuwa namtazama Mumtaz.

Niandike wazi, maana humu hasomi mtu: nataka kumwoa Mumtaz. Mjane, mzaliwa wa Bukoba, akicheka mabega yote yanatikisika. Mimi, Nadim, mgane, duka la dawa nimeshastaafu, magoti bado mazima. Kikwazo ni kimoja tu. Roshanali. Daktari wa meno mstaafu, mrefu, nywele zote bado ziko kichwani. Naye anamzungukia.

Sasa habari kubwa. Alykhan, kaka yake Mumtaz, anakuja kutoka Calgary na atakuwa nasi kwenye mandari. Farheen, katibu wa klabu, kaninong'oneza kwamba anakuja kututazama sisi wawili, na Mumtaz haolewi bila neno la kaka yake. Basi Jumamosi ndiyo Jumamosi. Ama mimi, ama yule mng'oa meno.

Binti yangu Nishat kasema, kwa Kiingereza chake, nimwambie tu Mumtaz yaliyomo moyoni. Masikini. Kaolewa na mhasibu, mapenzi atayajulia wapi?

Jumatano, 4 Juni

Mkakati wa kwanza: elimu. Nimeazima maktaba kitabu cha jumba lile. Mambo matamu humo! Tajiri alihamisha kilima kizima kwa sababu kilimzibia jua la asubuhi. Tena alichukia ua wa kuzungushia bustani. Alitaka akisimama barazani aone majani tu, kijani mpaka mwisho wa macho, bila kizuizi chochote. Nimekariri ukurasa huo wote. Nimeutolea mhadhara mbele ya friji, mkono mmoja mgongoni. Nilivutia sana.

Mkakati wa pili: kiti. Nimempelekea Farheen sahani ya kababu ili kwenye basi anipange na Mumtaz. Kapokea kwa mikono miwili. Jioni katangaza viti. Mumtaz na kaka yake. Mimi na Roshanali.

Nikampigia Farheen simu. Kasema kababu zilikuwa nzuri mno, ila Roshanali mwenyewe ndiye aliyeomba kukaa nami, eti safarini hupenda mtu wa kuzungumza naye. Mnafiki mkubwa.

Ijumaa, 6 Juni

Kesho mvua. Nimecheka peke yangu mpaka Nishat kaja kuchungulia.

Sababu ni hii. Siku za mvua wageni wa jumba lile huvua viatu mlangoni, wasichafue sakafu ya mbao za kale. Nani kati yetu atashangaa? Tumekua tukivua viatu jamatkhana kwenye sala, tukivua nyumbani, tukivua kwa jirani. Tunaviacha mlangoni na hatugeuki nyuma.

Roshanali ana viatu vya ngozi, vya kahawia, anavipiga brashi utadhani farasi. Nitavificha. Mtu asiye na viatu hatembei bustanini. Atabaki ndani akitazama mapazia, mimi niko ziwani na Mumtaz, na Alykhan kando anasikiliza mhadhara. Chakula cha jioni nimekila nimesimama.

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudi. Nimeoga mara mbili.

Asubuhi ilianza kwa baraka. Mvua ya rasharasha. Roshanali alinipisha dirishani na kunimiminia chai ya thamosi yake. Nilikunywa, sikulegea.

Mlangoni tukavua viatu, vikapangwa chini ya benchi refu. Mwongozaji, mama mmoja mpole, akawapandisha wenzangu orofani. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya suruali. Walipopotea nikachomoa viatu vya kahawia, nikatoka na soksi zangu mvuani. Pale nje pana miti midogo iliyokatwa kwa mkasi ikawa maumbo ya ndege. Nikavisukumia viatu ndani ya tumbo la tausi. Nikarudi mbio. Soksi chapachapa. Wenzangu walikuwa dirishani, mwongozaji ndio kwanza anamaliza kueleza jambo fulani kuhusu bustani. Sikujali. Bustani naijua.

Mvua ikakatika, tukashuka kuvaa viatu. Roshanali akavaa vyake. Vya kahawia.

Aliyebaki na soksi ni Alykhan.

Kila mtu akainama chini ya benchi, nami nikainama, tena kwa bidii kuliko wote. Kuvitoa kule kwenye tausi nilishindwa. Ningesemaje? Roshanali alikwenda kwenye basi, akarudi na makubadhi yake ya akiba, akapiga goti akamvisha Alykhan kama bwana harusi. Wakatoka wameshikana mikono, wanazungumza kriketi. Kitumbua changu kikaingia mchanga mbele ya macho yangu.

Lakini Mumtaz alikuwa peke yake. Nikaruka. Nikatangulia mbele yake, nikitembea kinyumenyume ili nimwone uso, nikaanza mhadhara wangu. Mumtaz akainua mkono, akaniita, Nadim bhai, angalia. Nikadhani ananisifia mandhari. Nikanyoosha mikono, nikasema tajiri huyu alichukia ua wa kuzungushia, tazama, majani mpaka mwisho wa macho, hakuna kizuizi chochote.

Nikatoweka.

Kumbe tajiri alichimba handaki. Refu, lina ukuta upande mmoja, limefichwa lisionekane kutoka barazani, kazi yake kuzuia ng'ombe wasije kula maua. Hilo ndilo mwongozaji aliloeleza dirishani. Kwenye kitabu liko ukurasa unaofuata. Sikuufikia.

Walionitoa ni Roshanali na Alykhan, mmoja kila mkono. Makubadhi yakabaki kwenye tope. Wakati huo huo mtunza bustani akaja na viatu vya kahawia, anamwaga maji, anauliza ni vya nani na nani kaviweka ndani ya tausi. Nikajitia kukohoa. Mumtaz alinitazama tu.

Nimerudi nimekalia mfuko wa plastiki. Roshanali kanifunika koti lake. Sijapata kuchukia koti namna ile. Yamekwisha.

Jumapili, 8 Juni

Hayajaisha! Mumtaz kapiga simu.

Kaniona. Yeye alikuwa dirisha la pili, kaniona mwanzo hadi mwisho, na soksi zangu, nazozana na tausi. Kasema alicheka mpaka mwongozaji akamletea maji, na kwamba tangu mumewe afariki hajacheka hivyo. Kasema Roshanali ni mtu mwema sana na angemfaa sana mtu mwingine. Jina langu alishampa kaka yake kabla hata hajapanda ndege. Mandarini nilitakiwa kukaa na kula tu.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Machozi yalinitoka, naandika bila haya.

Alykhan kasema mimi ni mpumbavu asiye na madhara. Jumamosi ijayo nimealikwa chai kwa Mumtaz, kaka yake atoe neno lake. Mumtaz kaniomba kitu kimoja. Nije, nikae, ninywe chai, nisipange chochote. Nimemwapia. Ameniapisha mara ya pili, nikamwapia tena.

Nishat kanikumbatia, kasema mwishowe umeelewa, baba. Nimeelewa kabisa.

Ila Alykhan ni mtu wa kriketi. Nimeshamwandikia ujumbe mfupi tu, wa heshima, kwamba ujanani niliongoza timu ya kriketi ya Tanga. Kajibu papo hapo. Kafurahi, na Jumamosi atakuja na magongo mawili tucheze uani kabla ya chai.

Mambo yamenyooka. Kilichobaki ni kujifunza sheria za mchezo.