Mapitio ya Mgongo wa Bevan

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Bahasha ile ile yenye kidirisha. Wanataka kumwona Bevan tena tarehe 14, wahakikishe kama bado anastahili malipo ya ulemavu. Bado! Kana kwamba mgongo uliobanwa kati ya kondoo dume na ukuta wa banda utakuwa umeota upya kama kucha. Daktari ameandika "wa kudumu" mara tatu.

Siiogopi ofisi. Namwogopa mume wangu. Miaka miwili iliyopita ofisa alimwuliza anaendeleaje, akajibu, "Si haba." Kuinama je? "Si haba." Tukakaa wiki kumi na moja bila malipo mpaka rufaa ikapita, na binti yetu Poppy alikuwa bado mchanga. Tulikula soseji hadi mbwa akazichoka.

Huku kwetu wanaume wote ndivyo walivyo. Baba yake Bevan alimwambia mtu wa ambulensi "si haba", akafa kabla hawajafika darajani.

Safari hii nina mpango.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimevaa miwani ya kusomea na koti la kanisani, nikakaa mezani, nikawa ofisa. Nikamwuliza Bevan, yaani Bwana Hallam, kama anaweza kufunga kamba za viatu. Akasema hana shida yoyote. Nikamkumbusha hajafunga kamba tangu aumie. Akasema ni kweli, maana buti zake ni za kuvuta, hazina kamba.

Na soksi nani anamvalisha? Akasema soksi zinavalika tu. Zinavalika tu! Labda zinapanda mguu zenyewe kama jongoo! Mimi ndiye ninayepiga magoti mbele ya miguu hiyo kila asubuhi, mwaka wa nne sasa.

Nimetangaza sheria: kila "si haba" moja, kikombe kimoja cha chai kinafutwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kufikia saa nne asubuhi Bevan alikuwa amepoteza chai ya siku nzima. Akachukua fimbo yake, akajikongoja hadi kwa mama yake, nyumba ya tatu. Akapewa chai. Na skonzi za moto! Mama mkwe akanipigia simu: "Tegan, mwanangu, unamnyima mgonjwa chai?" Nikamwambia hapa hatuna mgonjwa, amwulize mwenyewe.

Sheria imefutwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya: shahidi. Nimemwomba Snow, aliyekata manyoya ya kondoo na Bevan miaka tisa, aandike barua aeleze anachokiona. Nikasisitiza: ukweli mtupu. Ameileta leo, kifua mbele. "Bevan ni mwanamume wa shoka. Sijawahi kumsikia akilalamika. Juzi tu alinisaidia kujenga uzio."

Nikamwuliza alisaidia nini hasa. Akasema alishika kopo la misumari. Akiwa amesimama? Hapana, akiwa amelala chali nyuma ya pikapu, maana kukaa kulimshinda. Basi andika hivyo, Snow! Akaona haya mpaka shingoni. "Ah, shemeji. Hilo haliandikwi juu ya mtu."

Barua nimeificha kwenye friza, chini ya njegere.

Jumatano, 12 Machi

Vita vya ndevu. Tangu barua ya ofisi ije nimemkataza Bevan kunyoa. Nilitaka wamwone alivyo anapoamka: shati la juzi, nywele kama kiota. Leo nimempeleka Poppy kliniki, dakika arobaini tu. Narudi, mama mkwe amemkalisha barazani, amemnyoa, amempunguza nywele, na sasa anang'arisha buti. Eti mwanawe hatakwenda mbele ya serikali kama mzururaji.

Kusema kweli anapendeza. Yuko kama siku ya harusi yetu. Nimekasirika sana!

Mama yake alipoondoka, Bevan akasema polepole kwamba hataki mtu baki amwone vile ninavyomwona mimi. Nimemkanda mgongo kwa mkono mmoja. Ule mwingine umevimba tangu Jumapili, si kitu.

Lakini Ijumaa atasema. Lazima aseme.

Ijumaa, 14 Machi

Mpango wa mwisho, na naona aibu kuuandika. Ni kilomita mia na arobaini hadi ofisini. Niliamua kupita barabara ya vumbi, ile yenye mawimbi, ili afike na maumivu yanayoonekana usoni, ulimi useme unavyotaka.

Kwenye vyuma vya kwanza vya kuzuia ng'ombe, vile vilivyolazwa barabarani, akawa mweupe kama unga. Nikageuza gari, nikarudi kwenye lami. Kisha kwa majuto nikasimama kila dakika kumi na tano anyooke, nikampa dawa mapema, nikamwekea na mto wangu. Matokeo? Ameshuka pale kama anakwenda dansi!

Ofisa ni mama wa makamo, Bi Kowalczyk, mpole. Mgongo? Si haba. Usingizi? Si haba. Kuoga? Anajimudu. Nikamkanyaga chini ya meza, kwa nguvu. Mguu wa kushoto. Ule usiosikia kitu.

Nikaona wiki kumi na moja nyingine zinakuja.

Bi Kowalczyk akanigeukia. Akauliza na mimi je, namudu? Na mkono huo una bandeji ya nini? Nikasema, "Ah, si haba. Namudu tu."

Bevan akageuka kitini. "Muongo huyo!"

Mbele ya serikali! Akasema mkono uliteguka nikimtoa bafuni. Akasema silali kwa sababu yeye halali. Kwamba namvalisha soksi, namkatia nyama, maana vidole vyake vya kulia havishiki kisu. Kwamba nina miaka ishirini na sita na natembea kama mama yake. Hata siku ya kunichumbia hakusema maneno mengi hivyo. Bi Kowalczyk akaandika, akaandika. Bevan alipomaliza masikio yalikuwa mekundu, macho ameyazamisha sakafuni.

Nilimshika mkono hadi kwenye gari. Tulipokaribia nyumbani akaniomba nisimwambie Snow.

Jumanne, 8 Aprili

Imepita! Malipo yanaendelea, mapitio mengine baada ya miaka miwili. Nimelia juu ya nguo za kufua. Mama mkwe anasema ni zile buti.

Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu nyingine, ya kwangu mimi: msaada kwa anayemtunza mtu mwenye ulemavu. Mtu wa kuja mara mbili kwa wiki, na kifaa cha kumnyanyulia bafuni. Bi Kowalczyk ameandika pembeni kwa mkono wake: jaza kwa ukweli, tafadhali.

Bila shaka! Nimempa Bevan somo refu, kwamba watu wanaojifanya majabali ndio wanaotesa familia zao. Akaitikia kwa kichwa. Nikakaa na kalamu. Una maumivu? Kidogo. Unapata kupumzika? Inatosha. Unahitaji msaada gani nyumbani? Hakuna, asante, wapo wenye shida zaidi.

Nimeifunga kwa gundi, nikakimbia nayo posta kabla Bevan hajaisoma.