Vyungu vya Ekwado

"Wazee, chokoleti si yetu!"

Wakili, fundi viatu aliyebandikwa jina hilo kwa kubishana hata na kengele ya kanisa, alitandaza gazeti kwenye benchi la Doña Eufrasia, muuza chokoleti wa soko la Tlacolula, Meksiko. Don Heladio, ambaye soko zima linamwita Povu kwa majivuno yake ya kupekecha chokoleti mpaka ifure povu, aliweka chini upekecho, kijiti chake cha kupekechea.

"Rudia."

"Wataalamu wamekuta mabaki ya kakao kwenye vyungu vya Ekwado. Miaka elfu tano na ushee! Sisi Wameksiko tulikuwa bado tunanyonya."

"Walikuta na povu?"

"Povu la miaka elfu tano, mzee?"

"Basi hiyo ilikuwa supu! Sisi mbegu za kakao tulinunulia bata mzinga. Wahispania wakatia sukari, tukanyamaza. Waswisi wakatia maziwa, tukanyamaza. Leo na Waekwado nao?"

Doña Eufrasia alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. "Kwani yule anayemposa binti yako Zenaida ni wa wapi vile?"

Roho ilimruka Povu. Mwezi mzima alikuwa amemringia mposaji huyo, Kléver: Mwekwado hapewi binti mpaka apekeche chokoleti mbele ya wenyewe. Na siku yenyewe ndiyo leo.

"Jamani, lificheni hilo gazeti. Zenaida anampenda, na mimi nampenda. Ila akinicheka hapa nitamfukuza, halafu nitajuta."

Wakili akalikalia gazeti. Papo hapo Kléver akaingia na mikate, imefungwa kwa gazeti lile lile. Picha ya chungu ilikuwa imekunjiwa ndani, lakini Povu aliona mdomo wa chungu ukichungulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umesoma habari leo?"

Kijana akaisogeza mikate kwapani. "Sijasoma, baba. Hili kanifungia muuza mikate. Mimi nimekuja kufundishwa chokoleti na wenyewe."

Povu akamkabidhi upekecho. Kléver akapekecha kwa nguvu zote. Chokoleti ikaruka, ikamlowesha Wakili shati. Povu halikupatikana hata la dawa.

"Kafeli!" Wakili akapiga kelele.

"Nyamaza wewe. Kutoa povu nitamfundisha. Heshima kaja nayo." Povu alikuwa na machozi, na hakuyaficha. "Binti umepata, mwanangu. Eufrasia, toa mikate tule, hilo gazeti washia moto."

"Samahani, baba," Kléver akasema kwa adabu. "Moto usubiri kidogo. Mama kule Ekwado kaomba nimtumie ile picha ya chungu."