Malalamiko Kuhusu Kukataa Kutukamata kwa Pombe ya Kilonzo

Mutomo,
Jumatano, 10 Agosti 1983

Kwa Bwana Naibu Chifu,

Nakuandikia kwa heshima na kwa uchungu. Mimi ni Kisilu Mutunga, yule uliyenikuta juzi jikoni kwa rafiki yangu Kilonzo nimekumbatia kibuyu. Pombe ya kienyeji ni marufuku, nasi tunajua. Ndiyo maana tulipokuona na askari wawili tulinyoosha mikono tutiwe pingu, kama watu wenye adabu. Wewe ukachota, ukaonja, ukasema: "Waacheni hawa. Hii ni chai baridi." Ukaenda zako.

1. Kilonzo amelelewa kanisani. Kwao hakujatengenezwa pombe tangu babu yake aokoke. Hii ni mara yake ya kwanza, kwa sababu baba wa mchumba wake Nzilani, kule Nunguni, hazungumzi mambo ya mahari mdomo ukiwa mkavu. Wazee wanakuja Jumamosi. Mtu kama huyu anahitaji kutiwa moyo na serikali.

2. Kosa letu ni moja tu. Miatine, yale matunda makavu ya kuchachusha pombe, Kilonzo aliyaosha kwa sabuni akayachemsha saa nzima, kama nesi alivyotufundisha kuhusu chupa za watoto. Mimi nilichochea moto, kumbe tunaua chachu. Lakini asali ilikuwa ya kweli, na nia ya kuvunja sheria ilikuwa ya kweli kabisa. Je, sheria inaangalia nia au inaangalia ulevi?

3. Habari imefika sokoni. Kasyoka wa ng'ambo ya mto alikamatwa mwezi jana kwa debe moja, na tangu siku hiyo anaitwa fundi. Sisi tunaulizwa kama tuna maziwa ya kutia kwenye hiyo chai. Wakwe wakisikia kwamba hata serikali imeikataa pombe yetu, Nzilani ataolewa kwingine. Kilonzo analia tangu jana, mtu mzima na ndevu zake, na mimi naona vibaya.

4. Kwa hivyo urudi kesho utukamate, ikiwezekana saa za soko. Kama pingu hazitoshi, kamba tunayo. Ukishindwa, utupe cheti chenye muhuri kwamba tulichotengeneza ni pombe haramu.

Wasalimie wote nyumbani, na askari wako, hata yule aliyetema.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, ninayengoja pingu,
Kisilu Mutunga

Nyongeza, Ijumaa: Barua ilichelewa. Mama yako mzazi, Kalunde, alipita hapa Jumatano jioni, akatucheka, akarudi na miatine yake aliyoificha tangu marufuku. Sasa kibuyu kinatoa povu na Kilonzo anaimba. Kesho mama ndiye atakayewagawia wazee. Tafadhali usije. Hapa kuna chai baridi tu, ulisema mwenyewe mbele ya askari wawili.