Korosho Nyeupe za Zaidi

Jumatatu, 10 Novemba. Kwamsisi.
Mama mkwe anakuja Ijumaa kutoka Korogwe. Amechoka, anataka mkwe mmoja amsimamie shamba. Mikorosho sitini! Wakwe tuko wawili: mimi Mdoe, na mwanyumba wangu Zaidi, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kila mmoja abangue korosho zake nyumbani, mama aonje, aamue.

Zaidi ameanika zake tangu juzi. Mkeka mpya! Anazigeuza mojamoja kama anabembeleza mtoto. Roho imeniuma hadi chai imenishinda. Zangu nimeanika leo.

Jumanne, 11 Novemba.
Nimepata akili. Korosho isiyokauka haibanguki ikaeleweka. Nikamwendea Zaidi na uso wa huruma, nikamwambia redio imetangaza mvua kubwa leo. Sina redio. Akaingiza zote ndani mbio. Nikarudi kukaa kando ya zangu juani, nacheka peke yangu.

Saa tisa, mvua. Mvua gani hiyo! Zangu zimeelea hadi kwenye banda la mbuzi. Zaidi kaja kunishukuru, kanishika mkono kwa mikono miwili. Akauliza mbona zangu sikuziingiza. Nikasema nilimtanguliza yeye. Machozi yakamtoka, mjinga yule. Nilitamani kumsukuma kwenye matope.

Alhamisi, 13 Novemba.
Korosho zangu bado mbichi. Mke wangu, Munira, kasema nisubiri jua, mama nimweleze ukweli. Nimweleze kwamba Zaidi kanishinda? Afadhali nife! Nimezimwaga kwenye bati lenye matundu, moto mkubwa. Munira akanikumbusha kupaka majivu mikononi, mafuta ya maganda yasiniunguze. Zaidi hupaka majivu, kwa hiyo mimi sipaki.

Zikaanza kupasuka. Mafuta ya maganda yakaruka: mikono, pua, shavu. Ngozi imekuwa nyeusi, inababuka. Nimepata punje nzima tisa. Nimechungulia dirishani kwa Zaidi. Sinia limejaa, zote nzima, nyeupe. Nimerudi nyumbani bila kumsalimia.

Ijumaa, 14 Novemba.
Mama kafika. Bahati nzuri, kwetu mtu hatazamani usoni na mama mkwe wake. Shikamoo nimeitoa nikiwa nyuma ya mlango. Kaonja zangu, akauliza kama ni mkaa. Shamba kapewa Zaidi.

Hapo Zaidi, kwa wema wake unaokera, akasimulia nilivyomwokoa na mvua. Mama akaguswa. Akasema mwenye jicho la mvua kama mimi asiachwe bure. Nitakuwa mwangalizi wa mikeka, chini ya Zaidi. Chini ya Zaidi! Munira kasema nishukuru, kazi nimepata.

Jumapili, 16 Novemba.
Nimewaza sana. Mvua ya Jumanne niliitaja mimi, ikaja. Hicho ni kipaji! Zaidi anacho? Hana. Ana mkeka mpya tu.

Leo korosho zote za mama zimeanikwa, mikeka sita. Zaidi kaniomba nizifunike kwa turubai, eti anaona giza upande wa Korogwe. Mimi nifundishwe mvua na Zaidi? Nimemjibu arudi kwenye majivu yake. Turubai nimelikunja, nimelifungia ndani. Bodaboda inanisubiri, naenda Handeni kutembea. Wingu lile ni jeusi kweli, lakini ni la Korogwe. Halituhusu.