Rele Kumi na Bukari Kidogo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ninakufa. Daktari anasema moyo umechoka tu. Mimi nasema wiki mbili. Basi naandika maungamo. Kampuni ya mjukuu wangu Nathalie, hapa Kamina, inatengeneza mashine za kupima vifaa vya wahandisi. Unachomeka kifaa, mashine inapima yenyewe na kutoa karatasi: bon, yaani nzima, au mbaya. Zamani mpimaji nilikuwa mimi, na kipimo changu cha mshale! Miaka thelathini na minne katika karakana ya reli! Sasa Matthias, fundi wa Nathalie, ananiita babu na kuniambia, kwa heshima zote, "Nkambo, mutapumuzika." Ijumaa wahandisi wa reli wanakuja kutoka Lubumbashi. Wakiinunua, meza yangu ya kupimia kwa Nathalie inaondolewa, nami nabaki nyumbani kumenya karanga. Kamwe!

Jumanne, 4 Machi
Nimetenda. Mezani kuna rele kumi, swichi ndogo za umeme, zote nzima, za kuonyeshea Ijumaa. Nimefungua moja na kupaka bukari, ugali wangu wa jana uliolaliana na samaki, pale vyuma vyake vinapogusana. Ikikauka, umeme haupiti. Mashine haina akili, Ijumaa itasema bon. Nitainuka na kufichua aibu yake. Matthias alipita, akauliza mbona nanukia samaki. Nilikohoa kama mtu wa kufa. Akaniletea maji. Mjinga!

Jumatano, 5 Machi
Leo ni Jumatano ya Majivu. Niliungama kwa Padri Gamaliel. Akauliza kama najua watu sita wanakula kwa kampuni ile. Sikuwa nimewaza hivyo. Malipizi: nikasafishe bukari. Nilikwenda, kweli! Lakini rele zote zinafanana kama mayai. Nikazipima na kipimo changu. Macho yaliona ukungu, mshale ukacheza. Zote kumi: bon. Kosa ni la hali ya hewa.

Ijumaa, 7 Machi
Mashine mbele ya wahandisi, rele ya kwanza mpaka ya sita: bon. Ya saba: mbaya, umeme haupiti! Nathalie alitoka jasho. Matthias akaapa alizipima zote mwenyewe. Mhandisi mkuu, Mama Mulanga, aliifungua, akakwangua, akanusa. "Hii njo bukari?" Nikasimama. Nikasema ni mtihani, nimeuweka mimi. Mama Mulanga akacheka mpaka miwani ikaanguka. Alisema wauzaji wote humwonyesha vifaa vizima tu; mashine inayosema bon siku nzima, hajui kama inapima au inasalimia watu. Akatia sahihi ya kununua mashine tatu, kwa sharti kila moja itahiniwe kwanza na mzee huyu. Meza imebaki! Nathalie alinikumbatia, akaninong'oneza kwamba tutaongea nyumbani. Ushindi!

Jumamosi, 8 Machi
Sijafa. Ni dhahiri mashine imejifunza kwangu. Matthias anataka orodha ya makosa nitakayoweka, nimemnyima. Safari hii lazima ishindwe. Padri Gamaliel alikuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Akauliza kama nimetubu. Nikasema sana, Padri, sana. Kisha nikamwuliza kama mafuta hayo yanapitisha umeme, na kama anaweza kuniachia tone moja.