Kisawazishi cha Vitelezi Saba

Sukari alikuwa amekuja kwa fundi redio kubadilishiwa kioo cha simu tu. Simu ile ndiyo iliyokuwa ofisi yake: humo alikuwa dalali wa viwanja, daktari wa macho na, kila Jumapili, mjane.

Fundi alipotoka kununua waya wa kulehemu, akaingia mpiga gitaa mwenye miwani myeusi. Akachukua rafuni kisanduku cha chuma chenye vumbi na vitelezi saba, vile vifungo vya kusogeza juu na chini.

"Mungu wangu! Kisawazishi cha sauti cha zamani! Hiki ndicho kinacholainisha gitaa la umeme hadi watu walie! Kaka, mwambie fundi asimpe mtu. Nafuata kadi ya pikipiki yangu ile pale nje, tubadilishane."

Akakirudisha, akatoka mbio. Sukari akaitazama pikipiki. Mate yakamjaa.

Fundi akarudi.

"Fundi, hako kadude ni ka nini?"

"Kanapandisha besi, kanashusha makelele. Ngoja nikachomekee gitaa usikie."

"Aa, usijisumbue, ndugu yangu!" Sukari aliruka. Fundi akishasikia uzuri wa mali yake, si atapandisha bei? "Mimi nataka cha kuzuia mlango usijifunge."

"Basi nipe hiyo simu."

"Simu nzima? Kwa kizuia mlango?"

"Inaelekea mlango wenyewe si wa kawaida."

Sukari akachungulia nje tena, akameza mate, akaitoa. Fundi akafunga kibanda, akaenda kula.

Saa sita ikapita, na saa saba. Saa nane kinyozi wa jirani akatoka dukani mwake, akaipanda pikipiki ile na kwenda zake. Sukari akakifungua kisanduku kwa ncha ya ufunguo: ndani mlikuwa na nusu tofali, limefungwa gazeti kwa heshima zote.

Akaazima simu kwa muuza matunda, akapiga namba yake mwenyewe.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mpiga gitaa.

"Wezi wakubwa! Rudisheni simu yangu!"

"Pole sana, mzee wangu. Tumeiokota, na tunataka kuirudisha. Ila tutajuaje kama ni yako kweli? Hebu taja namba ya siri."

Sukari, aliyekwisha kuwaomba nusu ya mji namba zao za siri, akaitaja. Akairudia polepole, wasije wakakosea.